Ukali wa Mwaka 1988

Mwanangu, watu wengi wa huku kwetu wanaijua shampeni kwa mlio wa kizibo chake arusini na kwa povu linalorukia suti ya bwana harusi. Kwao ni kinywaji cha kufungua, kupigia picha na kusahau. Bahati yangu ilikuwa nyingine. Niliijua kwanza ikiwa haina povu, haina sukari, haina lebo wala jina, imetulia kwenye bilauri katika chumba chenye harufu ya chaki mbichi na hamira, na niliyekaa naye mezani hakutaka nimwambie kama ni tamu. Alitaka nimwambie itakuwaje baada ya miaka 20. Miaka hiyo 20 imepita, na mingine juu yake. Wengi wa waliokuwa mle chumbani wametangulia mbele ya haki, na mvinyo wenyewe umeshatoa ushahidi wake. Ndiyo maana naona wakati wa kusimulia umefika.

Nilizaliwa Dodoma, kwa Wagogo, na zabibu nilizikuta. Wamisionari wa Kiitaliano walizipanda Bihawana katika miaka ya 1950, zikaukubali ule udongo na lile jua, na mimi nilipopata akili, msimu wa mavuno ulikuwa na harufu yake unayoweza kuifuata hadi ilikotoka. Mzabibu wetu haupati baridi ya kuulaza, kwa hiyo huzaa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo tulioukamua tuliunywa kabla mavuno mengine hayajaingia. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuweka. Nilipopata ufadhili wa kwenda Ufaransa kusomea utengenezaji wa mvinyo, niliondoka na masweta ya mitumba, kamusi iliyokatika jalada, na ulimi uliozoea mvinyo wa mwaka huohuo.

Ilikuwa Septemba 1988. Nyumbani Mzee Mwinyi, rais wetu wakati ule, alikuwa ameshalegeza kamba za biashara, sukari na sabuni zimeanza kuonekana tena madukani. Kule Reims, katika eneo la Champagne linakotengenezwa shampeni, nilipanga chumba cha darini juu ya duka la mikate, faranga 900 kwa mwezi, na faranga moja siku zile ilikuwa kama shilingi zetu 20. Mkate mrefu ulikuwa faranga 3, kahawa ya kunywa umesimama kaunta faranga 4, na chupa ya shampeni ya kawaida faranga 80 hivi, yaani karibu saa tatu za jasho kwa anayelipwa kima cha chini. Saa tisa za usiku mwokaji alikuwa akiwasha tanuri, na joto pamoja na harufu ya unga unaoumuka vilinipandia kitandani. Sikujua kwamba harufu ile ningekuja kuikuta ndani ya chupa, wala kwamba kuitambua ndiko kungenipa kazi.

Mji wenyewe umebeba historia nzito bila kujionyesha. Kanisa kuu walikotawazwa wafalme wa Ufaransa lilikuwa bado na makovu ya mizinga ya 1914. Si mbali na stesheni ya treni ipo shule ambamo Wajerumani walitia saini ya kusalimu amri tarehe 7 Mei 1945. Watu hupita hapo na mikoba yao ya sokoni. Lakini mji unaoonekana juu ni nusu tu ya mji. Chini yake kuna mashimo makubwa yaliyochongwa kwenye chaki tangu enzi za Warumi, waliokuwa wakitafuta mawe ya kujengea, na baadaye nyumba za shampeni zikayaunganisha kwa mahandaki, zikayajaza chupa. Unashuka ngazi hadi mita 30 chini ya ardhi, na joto ni nyuzi 10 au 11, kiangazi na kipupwe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza watu waliishi humo, watoto wakasoma humo, huku mji ukiteketea juu ya vichwa vyao. Ukigusa ukuta, kidole kinatoka cheupe na chenye unyevu.

Humo chini ndimo nilimokutana na mzee wa ghala. Nyumba aliyofanyia kazi sitaitaja, na jina lake naliacha lipumzike naye. Alikuwa amestaafu, lakini kila ulipofika msimu wa kuonja mivinyo mipya walimtumia gari. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, kofia ya sufu aliyoivua mbele ya bilauri tu, na kovu refu shavuni la chupa iliyompasukia alipokuwa kijana wa kugeuza chupa. Kazi ile ya kugeuza ilikuwa bado inafanywa kwa mikono katika baadhi ya mahandaki, ingawa mashine zilikuwa zimeshaanza kuwaondoa watu: fundi anapita kwenye mbao zenye matundu, anazungusha kila chupa kidogo na kuiinamisha kidogo, siku baada ya siku, hadi mashapo yote ya hamira yakusanyike shingoni. Fundi hodari aliweza kugeuza chupa 40,000 kwa siku. Mzee huyu aliingia mahandakini akiwa na miaka 14. Baba yake alifanya kazi humohumo kabla yake, na mazungumzo yake yote kuhusu mvinyo yalianza na maneno "baba aliniambia".

Kiangazi cha 1989 kilikuwa cha jua kali, na mavuno yakaanza mapema mwezi Septemba. Nilipata kazi kwenye shinikizo la kijiji kimoja cha upande wa kusini mwa mji wa Épernay, kwenye ule mteremko wa zabibu nyeupe wanaouita Côte des Blancs. Zabibu zilikuja kwenye makreti, zina joto la mchana mikononi, nyigu wamezizunguka, na harufu yake ilikuwa ya asali na majani yaliyopondwa. Shinikizo lilipakiwa kilo 4,000 kwa mkupuo mmoja, kama sheria ya kule ilivyotaka. Lita 2,050 za kwanza ndizo kiini, juisi safi yenye uchachu mwingi. Kinachokamuliwa baada ya hapo kinatoka karibu na ganda na kokwa, kina rangi zaidi, kinapendeza mapema na kuchoka mapema. Msimamizi wa shinikizo alisimama na bomba mkononi kama mtu anayesubiri zamu yake ya maji, na lita za kiini zilipotimia aligeuza mfereji kwenda kwenye tangi jingine bila kusita. Nikaelewa pale kwamba umri wa shampeni huanza kuamuliwa kabla haijawa mvinyo: shampeni ya kuweka hujengwa kwa kiini.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumatatu, tarehe 12 Februari 1990. Jioni ya Jumapili tulijazana sebuleni kwa mwenye nyumba wetu, Wasenegali, Wakongomani, Wamalagasi na mimi, tukimtazama Mandela kwenye televisheni akitoka gerezani ameshikana mkono na mkewe. Tulipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza, nao wakabaki. Asubuhi nikaingia kwenye chumba cha kuonjea nikiwa na usingizi machoni. Chumba kilikuwa na madirisha yanayotazama kaskazini, kwa sababu mwanga wa huko hautii rangi, na meza ndefu nyeupe, na masinki ya kutemea yenye maji yanayotiririka. Msichana mmoja wa maabara aliombwa kwa upole aende akanawe shingo kwa sababu alijipaka manukato. Kwenye meza zilipangwa chupa zisizo na lebo, kila moja imeandikwa jina la kijiji kwa chaki: Le Mesnil, Cramant, Avize, Aÿ, Verzenay, Bouzy, na za bonde la mto Marne.

Hiyo ndiyo mivinyo mitulivu, shampeni kabla haijatiwa sukari na hamira ya kuizalishia povu. Ina miezi minne au mitano tangu ikamuliwe. Usifikiri ni starehe. Ni baridi, ni myepesi, na uchachu wake unakwangua ufizi. Ukionja ishirini asubuhi moja, mchana huwezi kutafuna ganda la mkate. Le Mesnil ilinukia ndimu na jiwe lililolowa, na ikapita ulimini ikiwa nyembamba na imenyooka. Aÿ ilikuwa pana, yenye tufaha jekundu na kitu cha moshi kwa mbali. Mzee alinitazama nikitema, akauliza umeona nini. Nikajibu kwamba hii naipenda kuliko ile. "Kijana," akasema bila kupandisha sauti, "hatujakuita useme unachopenda. Anayependa ni mnunuzi, naye yuko mbali, bado hajafika. Sisi tunaangalia kama atakapofika atakuta kitu."

Nilimkumbuka babu yangu pale pale. Mnadani, kwenye ndama, babu hakuutazama unene. Alimpita ndama aliyenona, akamwendea yule aliyekonda mwenye mgongo ulionyooka, kifua kipana na miguu iliyokaa sawa, kwa sababu nyama huongezeka kwa malisho, ila umbo mnyama huzaliwa nalo. Nilimsimulia mzee habari hiyo kwa Kifaransa changu cha kuungaunga. Akatikisa kichwa kwa kukubali, na tangu siku ile uchachu wa mvinyo tuliuita mfupa, yeye na mimi, na ule ujazo wa katikati ya ulimi tukauita nyama.

Akanifundisha mpangilio wake, nami nakupa ulivyo. Kwanza nusa bila kutikisa bilauri. Mvinyo mchanga unaokukimbilia na manukato yake yote, maua, pichi, nanasi, mara nyingi umeshasema nusu ya maneno yake. Unaojifunga, ukakupa chaki na ganda la ndimu tu, unaweza kuwa maskini au unaweza kuwa umeficha, na pua peke yake haitakuambia. Halafu kunywa kidogo, uuache ulimini. Tafuta uchachu umekaa wapi. Ukikaa kwenye ncha ya ulimi na meno kisha ukaondoka, ni ukali mtupu. Ukianza mbele, ukapita katikati ukiwa umebebwa na ladha, na kuendelea hadi kooni, huo ni mfupa. Kisha tema, uhesabu sekunde kimya kimya. Kinachobaki mdomoni baada ya kutema ndicho chenye maana kuliko vyote. Ikiwa kinachobaki ni uchachu peke yake, andika tahadhari. Ikiwa uchachu na ladha vinafifia pamoja, sambamba, hakuna kinachomwacha mwenzake nyuma, weka alama. Mwishowe rudi kwenye bilauri ileile baada ya nusu saa. Mvinyo ulioporomoka kwa nusu saa ya hewa hautastahimili miaka 20. Ule uliofunguka ukawa na kitu ambacho hakikuwepo mwanzo, huo una akiba.

Baada ya supu ya vitunguu na jibini, akaagiza chupa za 1988 ziletwe kutoka chini. Hizo zilikuwa zimeshatiwa kwenye chupa na kupata povu lake, zimelala juu ya mashapo ya hamira tangu majira ya kuchipua ya mwaka uliotangulia, zimezibwa kwa vifuniko vya chuma kama vya soda. Mhudumu alizifungua juu ya beseni kwa mkono mmoja, mashapo yakaruka na povu, na zilizobaki tukamiminiwa bila chembe ya sukari. Tukaweka 1988 upande huu na 1989 upande ule. Kusema kweli, hakuna mtu ambaye angechagua 1988 kuinywa siku ile. Ilikuwa kavu, ngumu, imefunga mdomo. Mivinyo ya 1989, hata ikiwa bado haina povu, ilikuwa na jua la Septemba ndani yake, mviringo na laini, na vijana wa maabara walikuwa wameshaiandikia alama za juu.

Mzee akavua kofia. Alionja 1988 mara mbili, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Baba aliniambia habari za 28 na 29." Akatueleza kwamba mavuno ya 1928 yalipotoka yalikuwa makali kiasi kwamba wafanyabiashara waliyanung'unikia, ilhali ya 1929 yalipendwa na kila mtu tangu siku ya kwanza, laini na ya kuchangamsha. Ikapita miaka kumi, ikaja vita, Wajerumani wakaingia Reims mwaka 1940 na kuanza kubeba chupa kwa malori, na katika nyumba kadhaa watu wakajenga kuta za uongo mahandakini ili kuficha mivinyo waliyoithamini. Vita vilipokwisha na kuta zikabomolewa, yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu, na akapewa aonje. Ya 1929 ilikuwa nzuri na imefika. Ya 1928 ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuzungumza. "Mimi sikuijua 28 ilipokuwa changa," akasema, "lakini baba aliijua, akanieleza ilivyomkwaruza ulimi na ilivyobaki baada ya kutema. Hiki kilicho mbele yetu leo kinafanana na maelezo ya baba."

Kijana mmoja akamkabili kwa heshima: kama ni hivyo, basi 1989 ifutwe kwenye orodha ya kuwekwa, kwa kuwa ni mwaka wa jua na mfupa wake ni mwembamba. Mzee akakataa. Akatukumbusha mwaka 1959, ambao kiangazi chake kilichoma majani, na wengi wakaapa kwamba mivinyo yake haitafika mbali kwa kukosa uchachu. Hiyo aliionja mwenyewe ikiwa changa, akiwa mtu mzima kazini, na miaka 30 baadaye ilikuwa bado imesimama. Iliyoibeba ni nyama yenyewe, wingi wa kitu kilichomo, pamoja na ule uchungu mwembamba wa ganda uliokaa mwishoni. Akatuambia tuangalie katika 1989 ipi ina wingi huo na ipi ina ulaini tu. Tukarudi kwenye bilauri. Le Mesnil na Verzenay zilikuwa nao. Vijiji vingine kadhaa, vilivyokuwa vitamu puani asubuhi, havikuwa nao.

Hapo ndipo nilipopata neno ninalokuachia, mwanangu, na ndilo lililonifanya nikae kuandika haya. Nilidhani mtu hujifunza kutabiri uzee wa mvinyo kwa kuonja mivinyo mizee mingi. Mzee aliniambia hapana. Ukilinganisha mvinyo mchanga na mzee uliokomaa, unalinganisha vitu viwili visivyokutana. Mmoja una ndimu na chaki, mwingine una asali, uyoga na mkate wa siagi, na hutaona njia ya kutoka huku kwenda kule. Kitu cha kulinganishia ni ule mvinyo mkuu wa zamani ulipokuwa na umri huu huu. Hiyo chupa haipo tena mahali popote. Ipo katika kumbukumbu ya mtu aliyeionja wakati huo, au kwenye daftari lake. Ndiyo maana walimtumia mstaafu gari kila Februari. Maabara ilikuwa na vipimo vya uchachu, kilevi na sukari hadi tarakimu ya mwisho, na mzee alivisoma kwa makini. Lakini kipimo cha 1966 changa kilikuwa kichwani mwake, na cha 1928 changa alikipata kwa baba yake.

Miaka iliyofuata nilibaki kule kikazi, na nikajifunza mengine yanayoongeza au kupunguza maisha ya chupa. Nyumba nyingi huacha bakteria waugeuze ule uchachu mkali wa tufaha bichi uwe uchachu laini wa maziwa. Lanson na Gosset zilijulikana kwa kuuzuia, na mivinyo yao ikachelewa kulainika. Krug na Bollinger walichachusha mivinyo yao inayoandikwa mwaka wa mavuno katika mapipa ya mwaloni, ikazoea hewa kidogo tangu utotoni. Chupa kubwa ya lita moja na nusu huzeeka taratibu kuliko ya kawaida, maana ina mvinyo maradufu huku hewa inayoingia shingoni ni karibu ileile. Mashapo ya hamira ni mlinzi: shampeni ikilala juu yake hukaa changa, na siku yanapotolewa, saa nyingine huanza kuhesabu. Sheria inadai miaka mitatu ghalani kwa shampeni yenye mwaka; nyumba kubwa huiacha zaidi ya hapo, na Bollinger katika miaka ya 1960 walianza kuuza mavuno yao ya 1952 yaliyotolewa mashapo baada ya kulala muda mrefu sana, kwa jina la R.D. Kwa hiyo unapoonja chupa changa, uliza mashapo yalitolewa lini. Chupa mbili za mavuno mamoja zinaweza kuwa na umri tofauti kabisa.

Sasa ushahidi. Mzee alifariki kabla ya 1988 kukomaa, lakini mimi nimeifungua ikiwa na miaka 10, na 20, na zaidi. Ilipokuwa na miaka 10 bado ilikunja uso. Ilipopita 20, rangi iligeuka dhahabu, puani zikaja korosho zilizokaangwa, asali, na harufu ileile ya alfajiri ya duka la mikate. Uchachu wake haukuondoka. Ulikuwa umeshikana na vitu vingine hivi kwamba hukuutambua kuwa ni uchachu; ulihisi tu kwamba mvinyo umesimama wima. Ya 1989 ilitupa furaha mapema na kwa ukarimu, na nyingi kati yake zilifika kileleni wakati ile ya kaka yake inaanza kupanda. Zile zilizowekwa alama siku ile kwa wingi wa nyama ziliendelea. Ya 1990, iliyozaliwa baada ya jalidi ya Aprili na kiangazi chema, ilipata vyote viwili, jua na mfupa, na ikawa kipenzi cha dunia nzima.

Halafu ukaja mwaka 1996, ambao hadi leo unagawanya meza za waonjaji. Jua la Septemba, usiku wa baridi na upepo mkavu viliacha zabibu zikiwa na sukari nyingi na uchachu mwingi kwa pamoja, kiasi cha kumi kwa kumi kama walivyosema kule: kilevi tarajiwa cha asilimia 10 na uchachu wa gramu 10 kwa lita. Waliokumbuka 1928 kwa kusikia tu walitangaza mvinyo wa karne. Zipo chupa za 1996 zilizotimiza ahadi hiyo, nami nimezinywa kwa shukrani. Lakini zipo nyingi ambazo matunda yake yalikauka mapema, rangi ikakolea kabla ya wakati, na uchachu ukabaki peke yake. Katika ujana wake, ukitema, uchachu ule ulibaki kinywani ukiwa umeiacha ladha nyuma. Waliohesabu sekunde bila kuangalia kinachobaki ni nini waliona urefu, wakaandika miaka 50.

Mwaka 2003 ulileta jambo ambalo wazee hawakuwa na kumbukumbu yake. Jalidi ya majira ya kuchipua iliua sehemu kubwa ya mazao, joto la Agosti likaua watu kwa maelfu nchini Ufaransa, na mavuno yakaanza mwezi huohuo wa Agosti, mapema kuliko mwaka wowote tangu 1822. Krug walitoa 2003 yao sokoni kabla ya 2002, kwa kuwa mdogo alikuwa tayari na mkubwa bado anahitaji kulala. Tangu hapo kuvuna Agosti si ajabu tena Champagne. Nyumba ambazo zamani ziliacha bakteria walainishe uchachu sasa nyingine zinauzuia ili kuuhifadhi. Waonjaji vijana wa kule wanatafuta madaftari yanayozungumzia 1959, 1976 na 1989 changa, miaka ya jua, kwa sababu miaka yao mingi inafanana na hiyo.

Nimerudi Dodoma, na ninapita mashambani Hombolo, Mpunguzi na Bihawana nikiona vijana wa rika lako wanakamua mvinyo safi kuliko tuliokuwa tukikamua sisi. Wananiuliza kama mvinyo wetu unaweza kuwekwa. Ninaweza kuonja uchachu, nyama na kinachobaki, nikakisia. Kujua kwa hakika siwezi, wala yeyote hawezi, kwa kuwa hakuna aliyeonja mavuno ya 1985 ya hapa yakiwa machanga, akaandika, kisha akaweka chupa na kuzirudia baadaye. Tuliunywa wote. Champagne hawakuzaliwa na ujuzi ule. Waliupata kwa sababu kila kizazi kiliweka kando sehemu ya kila mavuno, mabaya na mazuri, na kumwita kijana akae mezani chupa zinapofunguliwa. Jambo hilo halihitaji mahandaki ya Warumi. Linahitaji chumba chenye giza na baridi ya kutosha, kwa sababu mwanga na joto ni adui wa chupa yoyote, daftari lenye tarehe, na mtu wa kuonja naye atakayekuwa hai wewe ukiwa hupo. Anza na mavuno ya mwaka huu. Chupa sita zinatosha.